Leseni ya Mgeni, Mkuki wa Mwenyeji: Karne ya Shabaha Nyanza Kusini

Mwanzoni mwa karne ya 20, mgeni aliyeshuka melini Mombasa akiwa na masanduku ya bunduki alihitaji karatasi moja kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Karatasi hiyo ilikuwa leseni ya uwindaji. Ilimgharimu pauni 50, sawa na rupia 750 za wakati ule, ilhali mlowezi aliyekwisha kujipatia shamba alilipa pauni 10. Ndani yake yaliandikwa majina ya wanyama na idadi ambayo mwenye leseni aliruhusiwa kuua. Kwa vijana wengi matajiri wa Ulaya na Marekani, hapo ndipo safari ya Afrika Mashariki ilipoanzia.

Mzee wa Lambwe au wa Karungu, huko Nyanza Kusini, ambaye babu zake waliwinda katika nyika ileile kwa vizazi, hakuwa na karatasi kama hiyo ya kununua. Kadiri sheria za wanyama zilivyokazwa, mitego yake, mashimo yake na mishale yake ya sumu vilihesabiwa kuwa makosa. Mgeni aliwinda kujifurahisha na kuondoka na pembe. Mwenyeji aliyewinda ili ale aliitwa jangili.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa historia ya shabaha katika nchi inayoitwa leo kaunti za Migori na Homa Bay. Siku hizi wasafiri wengi duniani hutafuta uwanja tulivu wa kulenga shabaha wanapokuwa likizoni. Wanataka mahali penye mwalimu mpole na sheria zinazoeleweka, wapige risasi chache kwenye kibao, wapumzike na kuendelea na safari. Upande huu wa Ziwa Victoria haujulikani kwa viwanja vya aina hiyo. Anayeuliza sababu atalazimika kurudi nyuma, hadi siku ambazo bunduki ilikuwa haijafika.

Ushahidi mkubwa wa siku hizo umesimama Nyatike, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Thimlich Ohinga ni ngome ya mawe yaliyopangwa juu ya mawe bila saruji wala udongo wa kuyashikiza, na wataalamu wanaamini kwamba ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Milango yake ilijengwa mifupi kwa makusudi. Aliyeingia alilazimika kuinama, na mtu aliyeinama hawezi kuinua mkuki. UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ngome hiyo inaeleza vizuri vita vya enzi zile: adui alikuja kwa miguu, silaha yake ilifika umbali wa mkono wenye nguvu, na ukuta wa mawe ulitosha kuwalinda watu na ng'ombe wao.

Wajaluo walipigana na kuwinda kwa mkuki, yaani tong', wakijikinga kwa ngao ya ngozi. Majirani zao Wakuria, katika miinuko ya kusini inayopakana na Tanzania, walisifika kwa upinde na mishale ya sumu. Wavulana wa jamii hizi walijifunza shabaha machungani, na makosa yao yaliwagharimu kitoweo. Uwindaji mkubwa ulifanywa kwa pamoja. Wanaume wa vijiji kadhaa waliingia nyikani na mbwa wao, wakamzingira mnyama, na nyama ikagawanywa kwa kanuni zilizojulikana na wote.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Mlipuko ulioanza Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1900 uliua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka ziwa, na pwani ya Nyanza haikuepuka. Familia zilihama fukwe na mabonde yenye mbung'o, inzi wanaoueneza, likiwemo bonde la Lambwe. Mashamba yaligeuka vichaka, na wanyama wa porini wakatawala mahali palipokuwa na nyumba. Wageni waliofika baadaye walidhani kwamba wameikuta nyika ya tangu na tangu. Sehemu kubwa ya nyika hiyo ilikuwa makao ya watu waliokufa au kukimbia miaka michache tu iliyotangulia.

Mmoja wa wageni hao alikuwa mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald, aliyefika Karungu mwishoni mwa 1911 kuyachimbia mifupa ya kale Makumbusho ya Uingereza. Eneo hilo lilikwisha kutoa masalia ya Deinotherium, jamaa wa tembo aliyetoweka, ambaye pembe zake ziliota kwenye taya ya chini na kupinda kuelekea ardhini. D. B. Pigott, ofisa wa serikali aliyekusanya baadhi ya mifupa ya kwanza, aliuawa na mamba. Kitabu cha Oswald kilichotoka mwaka 1915 kina maneno ya nchi ya malale katika jina lake lenyewe. Hivyo ndivyo Nyanza Kusini ilivyotambulishwa kwa wasomaji wa London.

Miaka miwili kabla ya Oswald, mgeni mashuhuri kuliko wote alikuwa amepita karibu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, aliwinda katika mbuga za Sotik, mashariki ya eneo hili, kisha Desemba akavuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Entebbe. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512 katika safari nzima. Vielelezo vingi vilipelekwa Smithsonian, Washington, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kikaeneza sifa za safari ya uwindaji duniani kote. Tangu hapo, tajiri aliyetaka kupimwa uanaume wake alikata tiketi ya kwenda Mombasa.

Bunduki iliyofuata haikuja na leseni. Septemba 1914, wiki chache baada ya Vita Kuu kuanza, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, na kuuteka mji wa Kisii, makao makuu ya wilaya ya South Kavirondo iliyojumuisha Migori na Homa Bay za leo. Askari wa King's African Rifles waliletwa kwa meli kutoka Kisumu. Tarehe 12 Septemba pande hizo mbili zilipigana kutwa nzima vilimani, na kapteni wa Kiingereza E. G. M. Thorneycroft akauawa. Wajerumani walirudi kusini. Wakazi waliokuwa wametozwa kodi kwa miaka saba na serikali ya Uingereza walishuhudia maofisa wake wakilikimbia boma.

Vita hivyo viliwafikia watu wa Nyanza kwa njia nyingine iliyo kali zaidi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa amewahi kuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kuandikisha wapagazi kwa wingi. Wanaume walibeba risasi, mizinga na unga kusini ya Tanganyika, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa upande wa Uingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Waliobeba masanduku ya risasi hawakupewa bunduki.

Amani iliporudi, risasi ya burudani ikarudi nayo. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi, na kwa zaidi ya miaka 40 chama hicho kiliongoza biashara iliyowaleta matajiri, wasanii na watu wa ukoo wa kifalme. Walowezi nao walikuwa na klabu zao za shabaha, ambako vibao vya karatasi vilichukua nafasi ya wanyama. Mchezo huo ulifikia kiwango cha juu kiasi kwamba Kenya ilipoingia Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, walenga shabaha walikuwa katika msafara wake. Mwaka huohuo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Mwafrika aliyekamatwa na silaha bila kibali angeweza kunyongwa. Sheria ya Silaha ambayo bado inatumika Kenya, Sura ya 114, ilizaliwa katika miaka hiyohiyo.

Huko Lambwe, swali la nani apige risasi na kwa sababu gani lilichukua sura nyingine kabisa. Serikali ilitaka kuwarudisha watu bondeni, lakini mbung'o bado walikuwepo na malale ilizuka upya. Mwaka 1958 watafiti walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuvipata vimelea vya malale ya Afrika Mashariki katika mwili wa mnyama wa porini, naye alikuwa pongo wa pwani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ilithibitika kwamba mnyama mwenye afya anaweza kuhifadhi ugonjwa unaomuua binadamu. Mbung'o humnyonya pongo kichakani, kisha humuuma mama anayekata kuni.

Nchi nyingine zilikabili tatizo la mbung'o kwa bunduki. Katika Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, serikali ya kikoloni iliajiri wawindaji walioua mamia ya maelfu ya wanyama ili kuwanyima mbung'o damu. Lambwe lilifuata njia tofauti. Vichaka vilifyekwa, walowezi Waafrika wakapewa ardhi pembezoni, na mwaka 1966 sehemu ya katikati ya bonde ikatangazwa hifadhi ya wanyama. Malale iliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndege zilipita juu ya vichaka zikinyunyiza dawa. Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, ilipandishwa hadhi hiyo mwaka 1983.

Mnyama aliyeokolewa na uamuzi huo ni korongo. Huyu ni swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, masikio marefu na pembe zilizopinda kuelekea mgongoni. Zamani alipatikana sehemu kadhaa za Kenya, zikiwemo milima ya Ithanga, ambako wengine walihamishiwa Shimba Hills mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hatimaye wakaisha. Kwa sasa Ruma ni makao yake ya mwisho nchini. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu.

Idadi hiyo inauma, na wa kulaumiwa ni wengi. Mashamba yaliyabana malisho, mitego ya waya ikachukua wake, na nyasi zilichomwa hovyo. Wawindaji wa leseni nao walikwisha kupunguza makundi ya Kenya tangu zamani. Kumtwika mzigo wote mwanakijiji mwenye mtego mmoja ni kusahau zile pembe zilizosafirishwa kwa miaka 70 kupitia Mombasa zikiwa na mhuri halali wa serikali.

Marufuku ilikuja Mei 1977. Serikali ya Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kote nchini, na kuacha tu ndege ambao waliendelea kuwindwa kwa leseni kwa miaka kadhaa. Chama cha wawindaji wa Norfolk kikavunjwa mwaka huohuo. Biashara ya ngozi na vikumbusho vya wanyama ikafungwa mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada ulioonekana na wengi kuwa unafungua tena mlango wa uwindaji, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikaza zaidi. Ilipopitishwa, iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayowahusu wanyama walio hatarini kutoweka.

Kwa hiyo mtalii anayetaka kumpiga risasi mnyama huvuka mpaka. Tanzania bado inauza vitalu vya uwindaji, na nchi kadhaa za kusini mwa Afrika hufanya vivyo hivyo.

Sababu nyingine inayofanya risasi isiwe mzaha upande huu wa ziwa ipo Kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri wa uchumi na mmoja wa viongozi hodari zaidi wa kizazi chake, alipigwa risasi akitoka dukani katikati ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga, na jengo lililosimikwa juu ya kaburi lake lilipewa umbo la risasi. Watoto wa shule hupelekwa pale kwa mabasi, na wageni kutoka nje huonyeshwa vitu vyake. Watu wa Nyanza wanaposikia habari ya bunduki kama kifaa cha starehe, wengi wao hukumbuka kwanza jioni na usiku wa vurugu uliofuata habari za kifo hicho.

Upande wa Bukuria nako kuna kumbukumbu yake. Vijana wengi wa Kikuria walijiunga na majeshi ya kikoloni na baadaye jeshi la Tanzania. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, silaha zilizagaa katika eneo la mpaka, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale ukawa wa bunduki. Vijiji vilijihami kwa kuunda sungusungu, ambayo Wakuria wa Kenya waliianzisha mwaka 1998 baada ya kuona mafanikio ya ndugu zao wa Tarime, Tanzania. Mikutano ya hadhara ya iritongo iliwataka wezi wajitaje na wenye bunduki wazisalimishe. Kwa familia zilizopitia miaka hiyo, mlio wa risasi usiku ulimaanisha zizi tupu asubuhi.

Nchi nyingine zimechanganya historia ya vita na burudani ya shabaha. Kwenye mahandaki ya Cu Chi, karibu na Ho Chi Minh City, Vietnam, mgeni hutambaa katika vijia vya wapiganaji, kisha hununua risasi na kufyatua AK-47 katika uwanja uliopo palepale. Las Vegas na Prague zina viwanja vinavyompokea mtalii ambaye hajawahi kushika bastola. Uswisi kuna tamasha la kila mwaka ambapo maelfu ya raia hukutana kulenga shabaha. Kila nchi imejipimia yenyewe ni kiasi gani cha bunduki inachoweza kukiita mchezo.

Kenya imeuweka mchezo huo ndani ya uzio mkali. Raia anayetaka kumiliki silaha hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, na mgeni anayeingia nayo lazima awe na kibali kabla ya kufika. Mahali panapojulikana zaidi ni Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, ambako chama cha wamiliki wa bunduki kina uwanja wake na ambako yamefanyika mashindano yaliyowaleta walenga shabaha kutoka nchi nyingi. Kutoka mji wa Migori hadi huko ni safari ya siku nzima kwa basi.

Msafiri atakayefika katika uwanja wowote mzuri, uwe wa Kiambu au wa ng'ambo, ataona alama zilezile. Msimamizi huongea kwa upole, lakini hana mjadala kuhusu usalama. Masikio na macho hufunikwa kabla ya mtu yeyote kushika silaha. Mdomo wa bunduki huelekezwa kwenye tuta la udongo muda wote, kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka amri itolewe, na bunduki hukaguliwa kuwa haina risasi kabla ya mtu kwenda kutazama kibao chake. Mgeni asiyejua huelezwa mara mbili bila kuchekwa. Kama msimamizi anaharakisha, anawaruhusu waliolewa, au anampa mtoto silaha nzito kwa ajili ya picha, mgeni achukue pesa zake na aondoke.

Migori na Homa Bay zina kitu tofauti cha kumpa msafiri huyo, nacho kinastahili kuandaliwa vizuri. Makumbusho ya Taifa yanaitunza Thimlich Ohinga, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori linailinda Ruma, ambako faru na twiga wamerudishwa na juhudi za kuwazidisha korongo zinaendelea. Karungu bado ina miamba ya Oswald. Kinachokosekana ni masimulizi yanayoviunganisha vyote hivyo: ubao kwenye lango la Ruma unaoeleza kwamba bonde lile lilikuwa makazi ya watu kabla ya malale, na kwamba waliofukuzwa nyikani kama majangili walikuwa wajukuu wa wenye nyika. Upinde wa Kikuria pia una nafasi yake. Wazee wanaoujua bado wapo, vijana wanatafuta kazi, na kibao cha nyasi kilichosimamishwa uwanjani Kehancha au Isebania hakihitaji leseni ya pauni 50. Kaunti ya Migori ikiamua kuanzisha mashindano ya upinde chini ya usimamizi wa wazee hao, wakufunzi itawapata nyumbani, na ada ya mgeni itabaki kijijini.